Mtungi wa Nyuma ya Mlango

Barua ya kwanza ilifika Kilosa Jumanne, tarehe 17 Machi 1987, saa kumi na nusu alasiri.

Monica alikuwa amekwenda ofisi ya kanisa kurudisha masufuria mawili ya Umoja wa Akina Mama. Alikuwa na siku tatu za mapumziko. Kazi yake ilikuwa Mikumi, kwenye gesti ya kando ya barabara kuu, kufua mashuka waliyolalia madereva wa malori. Mama yake alimwambia, nenda urudi kabla jua halijazama, na usisimame kupiga soga.

Costancia, karani wa kanisa, alikuwa anachambua barua zilizotoka kwenye sanduku la posta. Sanduku lilikuwa moja, la kanisa, na nusu ya watu wa mtaa wa Mabwerebwere walipokelea humo barua zao.

"Shikamoo, mama Costancia."

"Marahaba. Ala! Monica, mmeanza lini kuwa na watu Mwanza? Au ndiyo mambo ya posa? Tuambie mapema tushone sare."

"Mimi na Mwanza wapi na wapi, mama?"

Costancia akaigeuza bahasha kutazama jina. Kicheko kikamkauka.

"Mwandiko huu naujua," alisema.

Monica pia aliujua. Kaka yake Jastin aliandika herufi J kama ndoana ya kuvulia samaki, na Costancia, aliyemfundisha shule ya Jumapili, alimchapa sana kwa ajili ya ndoana hiyo bila mafanikio.

Jastin alikuwa hajulikani alipo tangu Agosti 1980.

Alikwenda vitani Uganda akiwa na miaka kumi na tisa. Vita ikaisha, wenzake wengi wakarudi wakipungiwa mikono kwenye stesheni, yeye kombania yake ikabakizwa huko kulinda amani. Aliandika kila mwezi. Kisha barua zikakoma. Mwaka 1981 ofisa mmoja alileta taarifa ya sentensi mbili: askari huyu alitoka kwenye makazi yake jioni bila silaha, hakuonekana tena. Mwaka 1982 mjomba Makarius, kaka wa mama yao na mkubwa wa ukoo, akasema yatosha. Wakakata mgomba wenye urefu wa mtu. Wakauvisha shati la Jastin, wakauimbia, wakauzika nyuma ya nyumba, kama Wakaguru wafanyavyo kwa mtu wao aliyefia pasipofikika. Kaburi lilikuwa na msalaba wa mbao.

Muhuri kwenye stempu ulisomeka: Mwanza, 2 Machi 1987.

"Itakuwa ilikwama ghalani huko posta, wameigonga muhuri juzi tu," alisema Costancia. "Siku hizi maghala yanafunguliwa, kila kitu kinatoka. Juzi nimeona sabuni nilizozisahau tangu niolewe."

Hakucheka, naye Monica hakucheka.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa limegusa vilele vya milima. Mama yake, Elizabeti, alikuwa ameketi kizingitini akipepeta mchele. Nyumba ilikuwa hatua mia mbili kutoka kwenye reli. Elizabeti hakujua kusoma; marehemu mumewe, katekista, alikuwa akimsomea kila kitu, na baada yake akawa anasomewa na Jastin, na baada ya Jastin na Monica.

Monica akafungua bahasha. Karatasi ilikuwa na unyevu. Ilinuka utomvu... ule wa mgomba uliotoka kukatwa.

Akasoma kwa sauti.

"Mpendwa mama, shikamoo."

"Marahaba, baba," alijibu Elizabeti. Ndivyo alivyofanya siku zote. Shikamoo ya kwenye barua ni shikamoo, alisema, na shikamoo haiachwi hewani.

"Mimi ni mzima, hofu ni kwenu huko. Vita imekwisha lakini sisi bado tuko hapa. Tunalinda daraja na soko. Mchana watu wa hapa wanatuita wakombozi na kutuuzia ndizi. Jua likianza kuzama wanafunga milango, na hakuna anayeitikia hodi, hata ikiwa ya jirani. Nilimwuliza mzee mmoja sababu. Akasema vita imewaacha wengi nje ambao hawana habari kwamba imekwisha. Tunakaa nyumba ya mwalimu aliyekimbia. Picha ya watoto wake iko ukutani, nimeigeuza kwa sababu wananitazama nikila. Tipis anawasalimu. Bado anadai ng'ombe wa kwao wana akili kuliko sajini wetu. Monica akazane na shule. Mama, nimesikia ulivyoniita. Niko njiani. Ni mimi mwanao, Jastin."

Ungo ulianguka. Mchele ukamwagika.

"Rudia hapo," alisema Elizabeti.

"Wapi?"

"Hapo mwisho."

Monica akarudia. Mama yake aliinuka, akaenda nyuma ya mlango ulikokuwa mtungi wa maji ya kunywa, akauchungulia, akaongeza maji mpaka ukajaa. Kisha akaufunika kwa kisahani na kusimama pale, mkono juu ya kisahani, mpaka giza likaingia.

Monica aliamini habari ya ghala. Ilikuwa rahisi kuiamini. Kila kitu ndani ya barua kilikuwa cha mwaka 1980.

Barua ya pili ilifika Jumamosi, tarehe 18 Aprili, siku moja kabla ya Pasaka. Muhuri wa Tabora.

Monica alikuwa amekuja kwa sikukuu. Aliifungua akiwa njiani, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Ilikuwa fupi.

"Mpendwa mama, shikamoo. Natembea vizuri isipokuwa mguu mmoja. Nimesikia mmetoa nyasi na kuezeka bati. Hongereni. Mvua itakuwa na kelele. Mlango ni ule ule? Nauliza ili nisipotee. Mwanao, Jastin."

Bati lilikuwa limepigwa Oktoba 1986. Monica mwenyewe ndiye aliyelileta kwa lori la mtu wa Mikumi, siku ambazo bati lilianza kupatikana madukani bila kibali. Miaka sita baada ya Jastin kutoweka.

Alisimama kando ya njia hadi wapita njia wakaanza kumwuliza kama anaumwa.

Jioni hiyo alimsomea mama yake. Alifika kwenye shikamoo akaipitisha haraka, akitumaini mama hatajibu.

"Marahaba, baba," alisema Elizabeti.

Mvua ilianza kupiga bati. Ilikuwa na kelele.

Mikumi kulikuwa na mtu mmoja wa kumwuliza. Tipis, Mparakuyo, wa wale wafugaji wenye asili ya Kimaasai wa tambarare za Kilosa, aliyekuwa askari pamoja na Jastin, sasa alikuwa mlinzi wa gesti ile ile. Ndiye aliyemtafutia Monica kazi. Miaka sita alikuwa akimwita dada, na miaka sita alikuwa akikwepa swali moja.

Jumanne, tarehe 21 Aprili, jua likikaribia kuzama, Monica alimfuata kwenye kibanda chake cha getini. Utingo mmoja alikuwa anamtania.

"Afande! Simba wa mbugani akija leo, utampigia saluti au utakimbia?"

"Nitamwonyesha wewe ulipolala," alisema Tipis. "Nenda zako."

Utingo akaondoka akicheka. Monica akaweka barua mbili kwenye meza. Tipis alijua kusoma, polepole. Alisoma ya kwanza kwa kidole. Alipofika kwenye jina lake akatabasamu. Alipofika kwenye mstari wa mwisho akaondoa kidole kama aliyegusa jiko.

"Kaka Tipis. Usinifiche."

Tipis alitazama barabara. Lori lilipita. Alisubiri liishe kupita.

"Wale watu walituonya," alisema kwa sauti ya chini. "Hodi ya magharibi msiitikie. Tulicheka. Halafu ikaanza..."

"Nini?"

"Sauti. Nje ya mlango. Jua likizama tu. Ya mwanamke. Ilisema Kikaguru. Mimi sikujua inasema nini. Jastin alijua."

"Ilisema nini?"

"Ilimwita jina. Akaniambia, Tipis, mama yuko nje. Nikamwambia, mama yako yuko Kilosa. Akasema najua. Siku ya kwanza tulicheka. Ya pili hatukucheka. Nilimshika siku ya tatu, ya nne... Siku ya sita nilimfunga mkanda kwenye kitanda."

"Ya saba?"

Tipis aliinama chini ya meza. Akatoa kiroba cha katani, na ndani yake buti moja. La mguu wa kushoto. Lilikuwa limepigwa rangi juzi juzi.

"Nilikwenda kuchota maji. Nilikawia dakika kumi. Alikuwa anang'arisha buti, moja keshavaa, jingine mkononi. Nilirudi nikakuta mlango wazi na hili hapa chini. Nikaona nyayo mpaka njia panda. Buti, mguu mtupu. Buti, mguu mtupu. Halafu hakuna."

"Siku gani?"

"Agosti kumi na mbili."

"Kwa nini umelitunza?"

"Mtu akirudi atalitaka."

Monica alirudi chumbani kwake, barua mkononi. *Natembea vizuri isipokuwa mguu mmoja.*

Barua ya tatu ilifika Alhamisi, tarehe 7 Mei. Costancia hakungoja. Alimpa dereva wa lori ujumbe wa kupeleka Mikumi: muhuri ni wa Dodoma, njoo upesi.

Kwa anayejua reli ya kati, hesabu ni nyepesi. Mwanza. Tabora. Dodoma. Baada ya Dodoma, stesheni kubwa inayofuata ni Kilosa.

Monica na Tipis walifika Jumamosi, tarehe 9, saa tisa alasiri, wamelowa. Tipis alikuwa na kiroba chake begani. Masika yalikuwa yamezidi. Maji yalikata tuta la reli huko juu, na tangu Alhamisi usiku hakuna treni iliyopita Kilosa. Walipita stesheni, wakaulizia. Mkuu wa zamu aliwaambia hivyo hivyo: hakuna treni, na haitakuwapo mpaka wiki ijayo.

"Basi hafiki," alisema Monica.

Tipis alikaza kiroba begani.

Elizabeti alikuwa amefagia nyumba. Alikuwa amechinja jogoo. Barua ilikuwa mezani, haijafunguliwa, naye alikuwa amevaa gauni lake la Meza ya Bwana na kujitanda kanga.

Barua ilikuwa na mstari mmoja. "Mpendwa mama, shikamoo. Jumamosi jioni nipo mlangoni."

Safari hii Elizabeti hakujibu shikamoo. Monica aliona midomo ya mama yake ikifunguka na kufungwa.

"Mama. Ulimwita?"

Elizabeti alimtazama Tipis, kisha sakafu.

"Miezi minne bila barua," alisema. "Kila treni nilikwenda kusimama pale. Nikaambiwa kuna bibi huko milimani, Mwanvua. Alinipa mtungi. Akasema, jaza maji, inama mdomo wako uwe juu ya maji, mwite jina jua likizama. Siku saba. Atasikia popote alipo."

"Mtungi gani?"

Elizabeti alitazama mlango. Mtungi ulikuwa nyuma ya mlango, na kikombe juu ya kisahani. Miaka saba Monica alikunywa maji humo.

"Siku ya saba maji yalitikisika," alisema Elizabeti. "Nikajua amesikia. Nikafurahi, Monica. Nilikwenda kutoa sadaka."

"Halafu?"

"Mwanvua alinipa sharti. Ukimwita mtu, usimzike mpaka afike. Ukimzika, umemwita kwa mkono mmoja na kumfungia mlango kwa mwingine. Atakuja tu, lakini hatakuja kama alivyoondoka."

"Na mjomba alipotaka kuzika mgomba, ulinyamaza?"

"Mimi ni mke wa katekista. Ningesimama mbele ya ukoo na mchungaji niseme nini? Kwamba nilikwenda kwa mganga? Ningetengwa, na baba yenu kaburini angetajwa." Alikunja upindo wa gauni. "Wakachimba, nikanyamaza. Wakaimba, nikaimba nao."

Tipis aliuliza, taratibu, "Mama, bibi alisema afanyweje akija?"

"Asiitikiwe. Mara tatu. Asipoitikiwa anarudi alikotoka. Akiitikiwa na mtu mwingine si kitu. Akiitikiwa na aliyemwita... aliyemwita ndiye anayemsindikiza."

"Amsindikize wapi?"

"Hakusema. Ameshakufa."

Monica aliinuka. Alibeba mtungi mpaka uani, akamwaga maji yote, akaurudisha nyuma ya mlango na kuufudikiza, mdomo chini. Kisha akafunga mlango, akatia komeo, akamkalisha mama yake mbali kabisa na mlango, kwenye mkeka. Akawasha chemli. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro.

Ndege waliacha kulia.

Mvua ikakatika yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunga bomba. Bati likadondosha matone ya mwisho. Moja... Jingine...

Halafu ikaja harufu.

Mgomba uliooza. Udongo uliofukuliwa. Na chini yake, hafifu, mafuta ya kusafishia bunduki. Tipis aliitambua. Alikumbatia kiroba chake.

Upande wa reli, kokoto zililia.

Kwa. Soli ngumu kwenye jiwe. Halafu chap, mlio laini wa nyama kwenye maji.

Kwa... chap.

Kwa... chap.

Buti, mguu mtupu.

Hatua zilitoka kwenye kokoto zikaingia kwenye tope. Zilipita kando ya nyumba. Zilikwenda nyuma, kaburini. Zikasimama huko muda mrefu. Wote watatu walisikia mbao ikivunjika.

Zikarudi mbele.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya Jastin. Haikuwa imekua hata siku moja. Sauti ya kijana wa miaka ishirini na moja, yenye mafua kidogo, kama alivyokuwa kila masika.

Monica alimziba mama yake mdomo kwa kiganja. Hakuna aliyeitika.

"Shikamoo, mama."

Machozi ya Elizabeti yalitiririka juu ya vidole vya Monica. Yalikuwa ya moto. Tipis alifumba macho, midomo ikisema kitu cha Kimaasai bila sauti.

"Mama, nimetembea sana."

Mwali wa chemli ulicheza.

"Mama. Uliniita, nikaja. Mbona kuna mtu amelala kaburini kwangu?"

Kitu kikaparuza mlango, chini, karibu na kizingiti. Nyuma ya mlango mtungi ukatoa mlio mdogo.

"Shikamoo, mama."

Mara ya pili. Elizabeti alijaribu kuinuka. Monica alimng'ang'ania kwa mikono yote miwili, akamnong'oneza sikioni, "Si yeye, mama, si yeye, si yeye." Hakujua kama ni kweli.

Muda ukapita. Chemli ilitoa moshi. Kisha, kwa sauti ya chini ya mtoto aliyekwisha kujua jibu:

"Shikamoo, mama."

Mara ya tatu.

Hakuna aliyeitika.

Nje mtu alishusha pumzi. Hatua zikaanza kuondoka. Kwa... chap. Kwa... chap. Tope, majani, halafu kokoto. Harufu ikapungua. Zikaenda upande wa Dodoma, polepole, mguu mmoja ukiburuta. Chura mmoja alianza kulia, na wa pili akamjibu.

Monica alilegeza mikono. Ndipo alipoanza kulia. Tipis alikaa chini kama gunia.

"Yamekwisha," alisema Tipis. "Mama, yamekwisha."

Elizabeti alijipangusa uso kwa upindo wa kanga. Alikuwa ametulia. Alisikiliza hatua zilizokuwa zinafifia.

"Ana mafua," alisema. "Na Dodoma ni mbali."

"Mama..."

"Marahaba, baba."

Hakupaza sauti. Aliisema kama anavyoisema mtu kwa aliyekaa naye mkeka mmoja.

Vyura wakanyamaza.

Huko relini hatua zilisimama.

Kisha zikaanza kurudi.

Zilikuwa zinakimbia.

Monica alipiga kelele. Aliidaka kanga ya mama yake. Elizabeti alikwisha kusimama. Alipita mbele ya Tipis, akachukua kiroba mikononi mwake, naye Tipis, mwanamume aliyevuka vita, hakuweza kukunja vidole kukizuia. Komeo likatoka. Mlango ukafunguka.

Hapakuwa na mtu.

Uwanja ulikuwa mtupu, na mwanga wa mwisho ulikuwa bado juu ya milima. Elizabeti aliinama kizingitini. Aliweka buti chini, akaligeuza lielekee nje, akafanya kwa mikono kama mtu anayefunga kamba za viatu vya mtoto. Alipoinuka, buti halikuwapo.

Akaondoka. Kanga ilibaki mkononi mwa Monica.

Alitembea kuelekea reli, uso ameuinua upande mmoja kama anayemsikiliza mtu mrefu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjwa, kama umeshika mkono. Monica aliita mara nyingi. Mama yake hakugeuka. Monica alitaka kukimbia amfuate. Miguu yake ilikataa, na jambo hilo hakulisema kwa polisi.

Asubuhi, Jumapili, nyayo zilionekana wazi kwenye tope. Za Elizabeti, miguu mitupu. Kando yake za buti. Mawili, kushoto na kulia. Zilikwenda sambamba mpaka kwenye tuta la reli, na kwenye kokoto hazikuonekana tena. Msalaba wa kaburi ulikuwa umevunjika katikati. Polisi walichukua maelezo ya Monica na ya Tipis. Walimtafuta Elizabeti mtoni na kandokando ya reli kwa siku kumi. Hawakupata kitu.

Tipis alirudi Mikumi Jumatatu. Monica alibaki peke yake na nyumba.

Jumanne, tarehe 12, jua likizama, aliingia ndani kutafuta kiberiti. Mtungi ulikuwa nyuma ya mlango. Aliuacha umefudikizwa. Sasa ulikuwa umesimama, na maji yalikuwa mpaka mdomoni.

Alipaswa kuondoka.

Aliinama. Maji yalikuwa meusi, na ndani yake aliuona uso wake, ambao watu wote walisema ni wa mama yake.

"Mama," alisema.

Mara moja tu. Hakukusudia. Lilitoka kama pumzi.

Maji yakatikisika.

Hakumwambia mtu. Tarehe 6 Juni mjomba Makarius aliita ukoo, na mchungaji akaalikwa. Mjomba alisema dada yake alikuwa mzee, huzuni ilimzidi, mto ulikuwa umejaa, hakuna sababu ya kuiacha roho yake ikizurura. Itakatwa migomba miwili, mmoja mpya kwa ajili ya Jastin kwa sababu kaburi lilichafuliwa. Akauliza kama yupo mwenye neno.

Monica alikuwa ameketi kati ya shangazi zake. Watu arobaini walitazamana. Mchungaji alimtazama kwa huruma. Ili aseme, ingembidi aanze na mtungi, na ukianza na mtungi lazima umtaje mama, mke wa katekista, na Mwanvua, na siku saba.

Alinyamaza.

Maziko yalifanyika Jumamosi, tarehe 13 Juni. Waliimba. Monica aliimba nao.

Jumanne, tarehe 16 Juni, Costancia alimwita ofisini. Hakumtania. Alisukuma bahasha juu ya meza kwa ncha ya kalamu. Muhuri wa Tabora, tarehe 5 Juni. Barua ilikuwa imekaa njiani siku kumi na moja. Mwandiko ulikuwa wa Jastin, wenye ndoana. Lakini maneno yalikuwa ya mtu ambaye hakuwahi kujua kuandika, na hayakuanza kwa shikamoo, kwa kuwa mama hamwamkii binti yake.

"Mwanangu Monica. Tumesikia ulivyoita. Tuko wawili. Mwambie mjomba wako asituzike."

Monica aliisoma mara mbili. Aliirudisha kwenye bahasha. Siku hiyo hiyo alipanda lori kurudi Mikumi, na funguo za nyumba akamwachia Costancia.

Jumanne, tarehe 30 Juni 1987, saa nne asubuhi, Costancia alifungua sanduku la posta la kanisa. Kulikuwa na barua sita. Moja ilikuwa na jina la Monica, kwa mwandiko ule wenye ndoana. Muhuri wake ni wa Dodoma.